Dhamira, maudhui na ujumbe: lipi liende wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, Tanga. Katika uhakiki wa riwaya niliandika: "Maudhui ya riwaya hii ni ndoa za utotoni, ufisadi na tamaa." Nilikatwa alama, nikaambiwa hizo ni dhamira. Mwongozo ninaosomea umetoka Mombasa, nao unaziita maudhui. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekosea, ila umevuka mpaka wa Tanzania na Kenya pale Horohoro bila kubadilisha fedha.

Darasani Tanzania, kazi ya fasihi hutazamwa kwa pande mbili. Fani ni jinsi ilivyosemwa: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maudhui ni yaliyosemwa, na neno hilo ni kapu zima. Ndani yake mna dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo, msimamo na falsafa. Ndoa za utotoni ni kitu kimoja ndani ya kapu, kwa hiyo ni dhamira. Kenya, maudhui aghalabu ni hayo masuala yenyewe, na dhamira ni kusudi la mwandishi, yaani alikusudia nini alipoandika. Nakiri matumizi ya Kenya yako karibu zaidi na dhamira ya mazungumzo ya kawaida, kama tunaposema mtu ana dhamira njema. Lakini wewe mtihani wako ni wa Tanzania, kwa hiyo shika kapu.

Panapowaangusha wengi zaidi ni kati ya dhamira na ujumbe. Pima kwa neno "kwamba". Dhamira hukaa baada ya "mwandishi anajadili": anajadili ndoa za utotoni. Ujumbe hukaa baada ya "mwandishi anatuambia kwamba", na lazima uwe sentensi kamili: anatuambia kwamba mzazi anayemwoza binti ili alipe deni huliongeza deni hilo. Ukiandika "Ujumbe: elimu", hujasema kitu. Hata dhamira ya neno moja, kama "mapenzi", ni pana mno. Sema mapenzi ya namna gani, kisha toa tukio na mhusika wa kuithibitisha. Tukio moja latosha. Ukianza kusimulia hadithi nzima, umeacha kuhakiki.

Mgogoro nao hauandikwi kama dhamira. "Umaskini" si mgogoro mpaka utaje pande mbili: kati ya baba na binti juu ya mahari, au nafsi ya mama inayovutwa huku na huku.

Usichanganye pia dhamira na dhima. Dhima ni kazi ya kitu ndani ya matini, kwa mfano dhima ya mhusika au ya methali.

Na kuhusu ngeli: maudhui haya yamejitokeza, dhamira hii imejitokeza, ujumbe huu umejitokeza. "Maudhui hii" naikuta hata kwenye miongozo iliyochapishwa, usiinakili.