Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba Mbeya, jua kwanza nyumba ni ya nani

Mkuu, karibu Mbeya. Umesema umehamishiwa huku kikazi, dalali amekupatia chumba na sebule Ilomba, choo ndani, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Unauliza uangalie nini kabla hujasaini. Nina miaka tisa jijini hapa na nyumba ninayokaa sasa ni ya nne, nitakueleza yaliyonikuta.

Vitasa na mabomba utavikagua, ila anza na mtu. Nyumba yangu ya pili ilikuwa Nzovwe. Aliyenipokea ni kijana mstaarabu, funguo zote anazo, wapangaji wanamwita baba mwenye nyumba. Tukaandikishana, nikamhesabia miezi sita. Mwezi wa pili haujaisha, wakaja dada zake wawili kutoka Tukuyu. Nyumba ni ya marehemu baba yao, msimamizi wa mirathi ni dada mkubwa, na hela yangu hajaiona. Wala hakuwa mkorofi, alinipa mwezi mmoja nijipange. Yule kijana simu hapokei mpaka leo. Kodi ya miezi mitatu ikazama hivyo.

Tangu siku hiyo naomba kuona karatasi, na sioni aibu. Nyumba nyingi za mitaani huku hazina hati, sawa, lakini mtu hakosi karatasi ya mauziano ya kiwanja au bili ya maji yenye jina lake. Kama ni ya urithi, akuonyeshe barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Kama anamsimamizia kaka yake aliyeko Dar, ongea na huyo kaka na upate maandishi yake. Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa peke yako, dalali asijue, umuulize mwenyekiti nyumba ile ni ya nani. Mimi ningefanya hivyo Nzovwe, ningejibiwa kwa dakika tano. Mkataba sainini hapo hapo ofisini, upigwe muhuri. Kodi itume kwa benki au kwa simu, na jina litakalotokea lifanane na la kwenye mkataba.

La pili ni LUKU. Uliza mita ni ya kwako au mnachangia. Mimi niliwahi kuchangia mita moja na fundi wa kuchomelea mageti aliyepanga chumba cha mbele, tukawa tunagawana umeme sawa kwa sawa! Hata kama mita ni yako, uliza nyumba imekaa tupu muda gani. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme deni linajikusanya kwenye mita. Ukiingia na kununua umeme wa kwanza, unakatwa la waliokutangulia. Mwambie mwenye nyumba anunue umeme mbele yako siku ya kukabidhiana, uone kinachokatwa. Kodi hiyo ni yake yeye, hivyo andikeni kwamba utaipunguza kwenye pango.

Maji usimuulize mwenye nyumba, atakuambia yanatoka kila siku. Muulize mama anayefua uani.

Umetoka joto, kwa hiyo hili hutalifikiria: siling bodi. Mwezi wa sita na wa saba, chumba chenye bati tupu juu hakilaliki. Na kama unakagua kiangazi, angalia ukuta karibu na sakafu, hasa nyumba za mabondeni na za miteremkoni. Ukiona mstari wa unyevu au rangi mpya iliyopakwa chini tu, jua masika maji yanaingia ndani.

Kwenye mkataba wenyewe, usikubali ule wa kununua stationari wenye nafasi za kujaza majina tu. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005, kwa hiyo kodi ni mnavyopatana. Basi andikeni haitapanda kabla ya muda gani, notisi ni ya miezi mingapi kwa kila upande, na akikutoa kabla ya muda anakurudishia miezi iliyobaki lini. Hicho kipengele cha mwisho wengi wanakikwepa. Akigoma kabisa kukiandika, mimi ningetafuta nyumba nyingine. Nyufa, vioo vilivyopasuka na masinki mabovu vipige picha siku ya kupewa funguo, umtumie siku hiyo hiyo, maana ukihama utadaiwa wewe.

Na dalali, kama mmepatana kodi ya mwezi mmoja, mpe ukiwa na funguo mkononi na umeshajaribu mlango unafunguka. Akikuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na hela, mwambie amkaribishe.