Maswali na Majibu: Pesa ya logo, lebo na bango

Maswali haya yametoka kwa wafanyabiashara wadogo wa Dodoma mjini na wilayani. Tarakimu za mifano nimeziweka ili hesabu ieleweke. Bei halisi ulizia kwa wachapaji wawili watatu kabla hujaamua.

Natengeneza siagi ya karanga Kibaigwa, chupa kama 300 kwa mwezi. Nina shilingi 500,000 za matangazo. Nataka logo, lebo, bango, kadi na fulana za wasaidizi wangu. Zitatosha?

Zinaweza kutosha, dada yangu, ila usizigawe kwa vyote vitano. Mteja anaikuta chupa yako dukani wakati wewe uko Kibaigwa. Fulana haioni, kadi hana. Kinachokusemea pale ni lebo, kwa hiyo lebo ipate pesa kwanza.

Halafu tenganisha gharama mbili ambazo wengi huzichanganya: ya kubuni, unayolipa mara moja, na ya kuchapa, inayorudi kila lebo zikiisha. Tuseme kubuni logo na lebo ni 120,000, na kuchapa lebo moja ni 150. Ile 120,000 ukiisambaza kwenye chupa 1,200 za miezi minne, kila chupa inabeba 100. Ongeza 150 ya kuchapa, unapata 250. Kama unauza chupa 6,000, hiyo ni kama asilimia 4 ya bei. Iingize kwenye gharama pamoja na karanga, chumvi na chupa yenyewe. Inaniuma kuona mtu mwenye bidhaa nzuri anakopa ili achape lebo, kumbe pesa yake ilipita mikononi mwake kila alipouza. Miezi minne ikiisha, endelea kuweka kando ile 100 ya kila chupa. Fulana na bango vitatoka humo.

Kwa kuanzia chapa lebo 600, yaani 90,000. Ukitoa na ile 120,000 ya kubuni, zitabaki 290,000, na nakuomba usizimalize. Kabla ya kuchapa, peleka rasimu ya lebo TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wakuangalizie: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anuani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kosa likigundulika kwenye rasimu linasahihishwa siku hiyohiyo. Likigundulika kwenye lebo zilizokwisha kuchapwa, zote ni za kutupa.

Nina saluni Area D. Mtu wa graphics mmoja anataka 20,000 kwa logo, mwingine 250,000. Tofauti ni nini?

Waulize wote wawili maswali yaleyale: mtaniletea michoro mingapi ya kuchagua, nitarekebishiwa mara ngapi bila kuongeza pesa, na mtanikabidhi mafaili gani? Wa 20,000 mara nyingi huchukua mchoro ulio tayari kwenye programu kama Canva na kubadilisha jina. Kwa saluni ya mtaa inayoanza, hilo si dhambi. Ila mchoro huo wengine nao wanao, na siku ukitaka kusajili alama yako BRELA (wakala wa usajili wa biashara) utakukwamisha. Kama unafikiria tawi la pili au kuuza mafuta ya nywele yenye jina lako, lipia mchoro wako mwenyewe. Na vyovyote utakavyochagua, ujaribu mchoro kwa rangi nyeusi tupu, mdogo wa kukaa kwenye mhuri. Usiposomeka hapo, urudishwe.

Nasindika juisi ya zabibu Hombolo. Mchapaji anasema nikichapa lebo 5,000 kwa mkupuo, bei ya moja inashuka karibu nusu. Nikubali?

Mchapaji hakudanganyi. Uchapaji wa ofseti, yaani wa mabamba yanayotengenezwa kwa kila kazi, una gharama ya mabamba isiyobadilika, uchape 500 au 5,000, kwa hiyo zikiwa nyingi kila moja inakuwa rahisi. Swali ni utazimaliza lini. Ukiuza chupa 200 kwa mwezi, hizo ni lebo za miaka miwili na zaidi, na humo ndani utabadilisha namba ya simu, ujazo wa chupa au kiambato. Chapa lebo za miezi mitatu kwa mashine ya dijitali, isiyohitaji mabamba, ingawa kila moja ni ghali kidogo.

Aliyenitengenezea logo kahama na hapokei simu. Nina picha tu ya WhatsApp. Nifanyeje?

Pole sana, kaka. Picha ya WhatsApp imebanwa. Ukiikuza iwe bango inatoka na ukungu. Mtu mwingine anaweza kuichora upya juu ya hiyohiyo picha, nawe utalipia kazi hiyo. Safari hii lipa nusu mwanzoni, na nusu ukishapokea faili la vekta, la aina ya PDF, AI au CDR, linalokuzwa bila kuharibika. Mwandikiane pia kwamba mchoro ni mali yako. Faili litume kwenye barua pepe yako, lisikae kwenye simu pekee.

Nataka kushiriki Nanenane pale Nzuguni. Bango niagize lini?

Rasimu iwe tayari Juni, uchape mapema Julai. Ukingoja mpaka kilele cha tarehe 8 Agosti kinakaribia, utapanga foleni na wenzako wote. Usiandike mwaka kwenye bango, litakufaa tena mwakani. Omba lishonwe pindo na kutiwa pete za chuma za kufungia, maana upepo wa Dodoma miezi hiyo unachana bango lililofungwa kwa matundu ya kisu. Na kama baadaye utalitundika barabarani, pita kwanza ofisi za Jiji uulize kibali na ada, uijumlishe kwenye bajeti kabla hujalipa mchapaji.