Barua kwa mwanangu: ile moja iacheni wazi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na zile nyimbo tatu mlizorekodi mazoezini nimezisikiliza mara nne: mara mbili kwa spika, mara mbili kwa hedifoni za dada yako. Sisi huku Tanga wazima. Mama yako anakusalimu, ana neno lake nitalileta mwishoni.

Umeniuliza wimbo wa kwanza kabisa wa rege ni upi, maana mnataka kufungulia nao ule usiku wa nyimbo za kale za Jamaika, na wewe na dada yako hamjaelewana. Nitafika huko. Lakini kwanza mwambie mpiga drams wenu atoe mguu kwenye moja, lile pigo la kwanza.

Nyimbo zote tatu zina ugonjwa huohuo. Kila pau, yaani kila kifungu cha mapigo manne, ikianza anakanyaga kiki, ngoma kubwa ya mguu. Najua amejifunzia kanisani, na huko moja ndiyo mlango wa kuingilia. Huku mlango uko pengine. Hesabu polepole: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gitaa na piano vinakaa kwenye "na". Kiki na snea vinaanguka pamoja kwenye mbili na kwenye nne, na fimbo ya snea ilale juu ya ngozi igonge ukingo, isipige katikati. Ile moja iacheni wazi. Besi akitaka kuingia hapo aingie, ila kwenye rokstedi, mtindo uliokaa kati ya ska na rege, mara nyingi hata yeye anapita kimya.

Kuna jambo litawagombanisha, bora nilitaje mapema. Mpiga drams wenu atasoma mahali kwamba pigo linaanguka kwenye tatu, atakuja kukwambia baba yako kazeeka. Asiwe na shaka, yeye anahesabu kwa kasi mara mbili ya yangu. Mbili yangu ndiyo tatu yake, na "na" yangu ndiyo mbili na nne zake. Kubalianeni hesabu moja kabla ya kugusa vyombo, la sivyo mtabishana saa nzima na wote mko sahihi.

Sasa mkono wako. Gitaa lako la rithimu linalia mno. Tumia nyuzi tatu au nne nyembamba tu, kiganja kikichapa kwa mkato. Mkono wa kushoto ubonyeze kodi, zile noti za pamoja, kwa kitambo kifupi, kisha ulegeze vidole bila kuvibandua kwenye nyuzi, sauti ife palepale. Ukivibandua kabisa, nyuzi zitaachia mlio wao wenyewe. Usipolegeza, mlio unavuka hadi pigo linalofuata na lile pengo linajaa. Na likijaa hakuna tena ska, ule mtindo wa kasi uliotangulia, wala rege, ni gitaa tu.

Wimbo wenu wa pili nimeupima. Mmeanza mapigo 84 kwa dakika, mmemaliza 97. Huo ni woga. Mtu akiona nafasi tupu mbele yake anaikimbilia ili aivuke. Dawa yake: wekeni metronomu, kile kifaa cha kugonga mwendo, kwenye 84, halafu ule mlio wake msiuhesabu kuwa moja, uhesabuni kuwa "na". Siku mbili za kwanza mtapotea kila baada ya pau nne. Ya tatu mtakaa. Ska inapenda 120 na kuzidi, rokstedi inatulia kwenye 75 mpaka 90, na rege ya mwanzo, ile ya 1968 na 1969, inachangamka tena kidogo.

Kinanda chenu nacho kinapiga ile mikono kushoto-kulia-kushoto ya ogani kwenye wimbo wa 1966. Zuri, lakini hilo ni la 1968 kwenda mbele. Kwenye rokstedi linakaa kama kiraka kipya kwenye nguo kuukuu. Apige piano, pamoja na wewe kwenye "na", basi.

Haya, mwanzo. Unataka mwanzo wa rege, na mimi nakuuliza: nani aliweka uzito kwenye "na"? Kwa sababu rege ni mjukuu tu. Siku zote nasema, na wewe umeshanisikia mpaka umechoka, kwamba tuanzie kwenye sanduku. Wapiga mento, muziki wa kienyeji wa Jamaika, kabla ya umeme kuingia kwenye muziki wao, walikuwa na gitaa, banjo, ngoma za mkono na sanduku la mbao ambalo mpigaji analikalia. Mbele lina tundu, na juu ya tundu zimebanwa ndimi za chuma, tatu, nne, tano, hata zaidi, nyingine zimekatwa kwenye misumeno au springi kuukuu. Ukitaka noti nzito unauvuta ulimi nje urefuke, ukitaka nyepesi unausukuma ndani, kisha unakaza. Mtu yeyote aliyeona ilimba ya Wagogo, ile ya ndimi za chuma za kubofya kwa vidole gumba, atalitambua sanduku lile kuwa ni ndugu, ila limenenepa na kupewa kazi ya besi. Na ndimi zikiwa tano huwezi kujaza kila pigo. Unachagua, unaacha nafasi. Hapo ndipo nasema mambo yalianzia.

Kisha namsikiliza Rosco Gordon wa Memphis, ule wimbo wake wa 1952, piano yake inavyochechemea na kuegemea kwenye "na", najikuta sina la kusema. Maana Kingston ya miaka ya 50 ilikuwa ikicheza santuri za Wamarekani weusi kwenye mitambo ya mtaani, mziki mnene wa enzi hizo: Duke Reid huku, Coxsone Dodd kule, Prince Buster akaja baadaye. Walikuwa wakikwangua lebo za santuri ili mpinzani asijue wimbo ni wa nani. Coxsone alikuwa na kibao cha saksafoni alichokibatiza jina lake mwenyewe, na inasimuliwa kuwa usiku Duke Reid alipokipiga hadharani, baada ya kukisaka mpaka akakipata, Coxsone alizimia. Wamarekani walipohamia kwenye roki, zile santuri zikakauka, na wenye mitambo wakaanza kurekodi vijana wa kwao. Theophilus Beckford akatoka na "Easy Snappin'" mwaka 1959, piano kwenye "na" waziwazi. Kwa hiyo labda si sanduku. Labda ni Memphis. Lakini kwa nini Wajamaika waliupenda uchechemeaji ule kuliko Wamarekani wenyewe, kama masikio yao hayakuwa tayari yamefundishwa na kitu kingine? Unaona, narudi kwenye sanduku.

Tena kuna ngoma za Count Ossie, mpiga ngoma wa Kirastafari, zile za Nyabingi: ngoma kubwa, funde inayoshika mwendo, na ripita inayozungumza juu. Prince Buster alizipeleka studio mwanzoni mwa miaka ya 60 kwenye "Oh Carolina", wakati Rastafari alikuwa mtu wa kukimbiwa mtaani. Hapa nakuonya, maana nakujua kwa maneno jukwaani. Jina Nyabingi ni la huku kwetu, la Maziwa Makuu. Huko mpakani mwa Rwanda na Uganda watu waliamini roho aitwaye Nyabingi, na Muhumuza, mwanamke aliyejinadi kwa jina lake, alipigana na wakoloni hadi Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Mwaka 1935 gazeti moja la Jamaika likachapa makala ya kutisha watu kuhusu chama cha siri cha Nyabingi, wakati uleule Italia inaivamia Ethiopia. Rastafari wakaisoma kinyume na alivyotaka mwandishi, wakalipenda jina. Kilichovuka bahari ni jina, tena kwa karatasi. Ngoma zenyewe zilitoka kwa wapiga buru, ngoma za kienyeji za kulekule Jamaika, na Kumina, ibada ya ngoma ya hukohuko, ina damu ya Kongo. Usije ukasimama mbele ya watu ukasema mdundo umetoka Kigezi, huko mpakani.

Umetaja Skatalites, wapigaji wa ska, kwa sentensi moja, kana kwamba ni bendi kama bendi nyingine. Mwanangu! Walikaa pamoja kuanzia 1964 hadi Agosti 1965, na muda huo mfupi ulitosha. Tommy McCook, Don Drummond, Johnny Moore na Lester Sterling walilelewa Alpha, shule ya watawa pale Kingston, walikofundishwa kusoma noti wakiwa wavulana tu. Besi alikuwa Lloyd Brevett, besi ya kusimama, akitembea noti nne kila pau kama mtu wa jazi. Lloyd Knibb kwenye drams alikuwa ameiba mengi kwa Count Ossie, na sikiliza: ile moja anaiacha wazi hata kasi ikiwa 130. Wale ndio waliompigia Bob Marley na wenzake "Simmer Down". Ukisikia ska ya miaka ile na hujui nani wanapiga, sema ni wao, mara nyingi utapata.

Na mwaka uleule wa 1964, Jamaika ikiwa na kama miaka miwili tu ya uhuru, serikali ikapeleka ska kwenye maonyesho ya dunia New York. Walienda Jimmy Cliff, Millie Small, Prince Buster. Bendi ya kuwapigia? Byron Lee na Dragonaires wake. Skatalites waliachwa nyumbani.

Hili huwa linaniuma kama ni mimi niliyebaki bandarini. Mama yako akiniona nimenuna mbele ya redio huuliza, "New York tena?" Nikitulia najijibu kwamba Byron Lee alikuwa na bendi nadhifu, inayovaa suti moja na kufika kwa wakati, na kwamba kuna watu hadi leo waliijua ska kupitia kwake. Kweli. Kisha naweka santuri ya Drummond, tromboni yake inaingia chini kidogo ya noti na kupanda taratibu kama mtu anayeamka na huzuni, na ule unadhifu wote unaniudhi upya. Walipeleka mitindo ya kucheza, wenye muziki wakawaacha. Siku ya mwaka mpya wa 1965 Drummond akamuua mpenzi wake, Margarita, mchezaji na mwimbaji, na mwaka 1969 akafia hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisemi angeenda New York yasingetokea. Margarita naye alikuwa na jina lake na kipaji chake, na kila anayemlilia Drummond humsahau, mimi nikiwemo.

Halafu naikumbuka ile santuri yako ya Drummond na kandambili, nacheka. Santuri za Jamaika zina tundu kubwa, karibu milimita 38, na mhimili wa gramafoni yetu ni kama milimita 7, na kile kiziba cha katikati kilikuwa kimepotea. Ukakata soli ya kandambili ya mama yako kwa wembe, ukatoboa katikati kwa msumari wa moto. Ulikosea milimita moja, mbili. Santuri ikawa inazunguka kombo, na kwa kuwa ni mizunguko 45 kwa dakika, kila sekunde moja na kidogo tromboni inalewa, inashuka, inapanda. Uliisikiliza hivyo likizo nzima. Mpaka leo ukiuimba ule wimbo unauyumbisha, na kwenye rekodi yenu ya tatu nimekusikia unamwelekeza mpiga tromboni afanye hivyohivyo. Mwache kijana. Noti ile imenyooka.

Turudi kwenye rokstedi, maana hapo ndipo bendi yenu ina uwezo. Tarumbeta ni ghali, waimbaji mnao. Mwaka 1966 Hopeton Lewis aliingia studio na "Take It Easy", inasimuliwa kuwa maneno hayakumkaa kwenye kasi ya ska, basi wakapunguza mwendo. Lynn Taitt alikuwa kwenye gitaa, mtu wa Trinidad aliyekulia kwenye mapipa ya chuma yanayopigwa kama ala ya muziki, na sikio lake la mapipa unalisikia. Alikuwa akikibana kiganja karibu na daraja la gitaa na kuinakili besi noti kwa noti, juu yake, kavu, tik-tik-tik. Hicho ndicho kinachokosekana kwenu. Gitaa la solo limekaa linasubiri chemko. Hakuna chemko! Lifuate besi. Na besi lenyewe liache kutembea. Liseme kifungu kifupi, linyamaze, liseme tena, treble, ile sauti nyembamba, chini kabisa. Waimbaji watatu, sauti ya pili na ya tatu zikae nyuma ya maikrofoni hatua moja. Alton Ellis alipotoa "Rock Steady" mwaka 1967 jambo lilikuwa limeshaiva.

Kwa hiyo wimbo wa kwanza wa rege. Neno lenyewe liko kwenye "Do the Reggay" ya Maytals, 1968, hilo halina ubishi. Lakini jina si mtoto. Kuna "Nanny Goat" ya Larry Marshall, mwaka huohuo, gitaa linajirudia kama mwangwi na ogani inachemka chini yake. Kuna "People Funny Boy" ya Lee Perry, mwaka uleule tena. Mimi ninao wangu, nao hauhitaji hata kufikiriwa mara mbili, na mkono unaniwasha kuuandika hapa. Ila dada yako ameniapisha. Anasema nikiutaja, yule ambaye hakuutaja ataninunia hadi Idi, na nyinyi wawili nawajua. Basi sitasema. Nitasema tu kwamba msifungulie na huo, kwa namna kiki yenu inavyokanyaga sasa. Fungueni na rokstedi, 80, taa bado hazijapunguzwa.

Nitumie rekodi nyingine mkishakaa na metronomu wiki moja. Na mama yako anauliza zile kandambili utamlipa lini.

Baba yako