Chati ya duara yenye vipande 9

Umeuliza kwa nini wasomaji wa ripoti yako hawaielewi chati ya duara yenye vipande 9 vya mauzo. Jicho hupima urefu kwa usahihi zaidi kuliko pembe, kwa hiyo kipande cha asilimia 14 na cha asilimia 16 huonekana sawa, ilhali kwenye chati ya pau tofauti hiyo hujitokeza mara moja. Zipange pau kuanzia ndefu hadi fupi, na kipimo chake kianzie 0. Kikianzia 50, upau wa 60 utaonekana mara mbili ya ule wa 55, na huko, kwa maoni yangu, ni kumpotosha msomaji hata kama hukukusudia. Kichwa nacho kitaje jambo lenyewe: “Mauzo ya rejareja yameshuka”, si “Mauzo” tu.