Umeniuliza ninasoma nini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku hatujambo, baba yako goti linamsumbua lakini msikitini anakwenda kwa miguu vilevile.

Ujumbe wako wa juzi niliupata: "Mama, siku hizi unasoma vitabu gani, na umepata mafunzo gani? Mimi tangu nimalize kidato cha sita sijamaliza riwaya hata moja. Nianzie wapi?" Jibu la hayo kwenye simu haliingii, wacha nikuandikie.

Vitabu nitakutajia. Hilo la mafunzo ndilo lililonikera kidogo, maana najua umelitoa wapi. Kabatini kuna nakala yako ya Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ile mliyoisoma kwa ajili ya mtihani. Pembeni mwa kurasa umejaza penseli: "dhamira", "tashibiha", "ujumbe". Mahali pengine umeandika "nafasi ya mwanamke katika jamii" na kupiga mstari mara mbili. Nimepekua hadi jalada la nyuma, sikuona hata mahali pamoja ulipoandika kwamba umecheka, au umemchukia mtu humo ndani. Umekichambua kitabu kama kuku wa shughuli, mwanangu, hukukila.

Mimi nimekisoma tena, na aliyenishika ni Mwajuma. Yasmin kaozwa angali mtoto kwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa mbali, kapelekwa Mombasa, katoroka karudi Unguja, na ndugu zake mwenyewe hawamtaki. Anayempokea ni Mwajuma, mtu wa mtaa wa Ng'ambo hukohuko Unguja, hana mbele wala nyuma, ila ana moyo na anapenda taarabu. Mambo ya Denge, yule kijana mpinga ukoloni, na siasa zake, na makachero wa Mwingereza wanaomwinda, yanaikimbiza hadithi kweli. Lakini mimi nilikuwa nasoma nikisubiri Mwajuma aingie tena. Sijui ungejibu hivyo kwenye mtihani ungepata maksi ngapi. Sina ugomvi na walimu wako, mtihani una mambo yake. Ila ulishamaliza mtihani.

Baada ya hapo nilitaka kitu chepesi, nikachukua Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Baba yako akanicheka, eti mtu mzima na hadithi za upelelezi. Kitabu chenyewe kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, kikachapishwa 1960, na mpaka leo hakijachuja. Maiti inakutwa mzimuni, watu wana yao wanayoyanong'ona, na Bwana Msa, mpelelezi mwenyewe, amekaa zake na kiko chake, hana pupa, anauliza vitu vidogo vidogo ambavyo wenzake wamevipita. Mwandishi huyu alianza kazi idara ya afya huko Unguja. Nami nikisoma namwona bwana afya kabisa, yule anayeingia uani, anasalimia vizuri, kisha anafunua mtungi aone kuna nini. Na maneno ni ya barazani, watu wanajibizana mpaka unasikia sauti zao. Nilikesha nacho. Mafunzo? Sina habari nayo.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah nilikichelewesha kwa sababu ya kelele za tuzo ya Nobel aliyopewa 2021. Kitu kikisifiwa sana mimi huingiwa na ukaidi. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilipotoka 2022 nikakubali yaishe. Kuna kijana, Yusuf, na kuna tajiri wa misafara, Aziz, anayefika kwao mara kwa mara. Yusuf anamdhani ni jamaa yao. Kila Aziz akiondoka humtilia mtoto mkononi sarafu ya anna kumi, na mtoto anamsubiri kwa hamu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye, wanapanda treni. Huko anakofikishwa ndiko anakoambiwa na Khalil, kijana aliyemtangulia hapo dukani, kwamba Aziz si jamaa yake hata kidogo. Yusuf mwenyewe ni rehani, baba yake ana deni kwa Aziz. Nilikiweka chini nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa safi. Zile anna kumi nilizokuwa nazionea furaha zote zikanigeuka.

Humohumo wanaume wanakaa kupiga soga, inatokea habari ya mtu aliyefika nchi ya Warusi. Nikadhani porojo. Kaka yako akanishushia kwenye simu Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten uliochapishwa Ujerumani 1901, kumbe yumo Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896! Anasimulia nchi za theluji kwa Kiswahili hikihiki tunachonunulia dagaa. Herufi zinaumiza macho, nasoma kidogo kidogo.

Wa mafunzo yupo, usiseme nimekunyima: Mwana Kupona binti Msham wa Pate, na utendi aliomtungia bintiye Mwana Hashima mnamo 1858. Humo kuna dini, adabu, na namna ya kukaa na mume, tele. Mengi sikubaliani naye, na akishaanza habari za radhi za mume mimi na yeye tunaachana njia. Lakini mwanzoni kabisa anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, hakupata kumwambia mwanawe neno jema, na anamwita aje akae na wino na karatasi. Ni mama mgonjwa, anaharakisha. Beti hizo nimezirudia sana kuliko zile za wasia wenyewe.

Sasa, uanzie wapi? Anza na Bwana Msa. Usishike penseli. Kikikuchosha kabla ya kufika katikati kiache, hakuna atakayekuuliza, chukua kingine. Hicho pamoja na Vuta n'kuvute nimevifunga kwenye kifurushi na visheti vya shangazi yako, vitakuja na basi la Ijumaa, nitakutumia namba ya kondakta.

Peponi sikutumii kwa sasa. Baba yako alikichukua "aangalie tu", yuko pale kwenye treni, na tangu jana ukimsemesha anainua kidole usubiri.

Mimi mama yako.