Yadi iliyokuuzia gari sasa inataka kulinunua: fanya hivi kabla hujapeleka funguo

Aliyeanzisha uzi huu yuko Nakuru. Ana Toyota Fielder ya 2015 aliyoinunua kwenye yadi ya kuuzia magari mwaka 2021, na wiki hii yadi ileile imemtumia ujumbe: tuna mteja anatafuta gari kama lako, pesa iko tayari, lilete leo. Anauliza kama ajibu. Ajibu, ila ajipange kwanza.

Mara nyingi huyo mteja hayupo. Yadi huhifadhi namba za wote waliowahi kununua, na miaka mitatu minne ikipita huanza kuwapigia mmoja mmoja. Hilo pekee halitoshi kuwaita matapeli, kwa sababu wana haja ya kweli na gari lako. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Fielder ya 2015 haishuki tena bandarini Mombasa. Zilizobaki ni hizi zilizo tayari barabarani, na mtu ambaye mfuko wake haufikii gari la kutoka Japani atatafuta hizohizo. Zungumza nao ukijua hivyo, bila unyonge.

Bei unayotajiwa kwenye simu usiishike. Kazi yake ni kukutoa nyumbani. Piga hesabu yako kwa kurudi nyuma: angalia yadi za Nakuru na Kisumu zinaandika bei gani kwa gari la mwaka wako, injini yako na kilomita zako. Tuseme ni shilingi 1,250,000. Mnunuzi wa mwisho atapunguziwa kama 60,000. Yadi itatumia kama 50,000 kulirekebisha na kuling'arisha, broka ataomba 30,000, na wao wenyewe watataka faida, tuseme 110,000. Inabaki 1,000,000. Hiyo ndiyo bei ambayo yadi inaweza kukulipa kweli. Yadi ikikutajia 1,200,000 kwenye simu, elewa kwamba zile 200,000 itazitafuta kwenye ukaguzi. Andika kiwango chako cha chini kabla ya kuondoka nyumbani na usikibadilishe ukiwa umesimama pale yadini, umezungukwa na watu watatu wanaotikisa vichwa.

Ukaguzi ndipo pesa zinapopotelea. Fundi wao atachomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kitaonyesha maandishi mekundu, naye atasema injini ina shida. Mwombe akusomee msimbo wenyewe wa hitilafu uuandike. P0420 inahusu katalisti (kifaa kinachosafisha moshi kwenye ekzosi) kufanya kazi chini ya kiwango, na wakati mwingine kosa ni sensa ya oksijeni au mvujo kwenye ekzosi. P0300 ni silinda kukosa moto bila mpangilio, na mahali pa kuanzia ni plagi na koili. P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta, na mara nyingi chanzo chake ni hosi iliyopasuka au sensa ya hewa iliyochafuka. Tena msimbo unaweza kuwa wa zamani uliobaki kwenye kumbukumbu. Mwambie aufute, mwende mwendo wa kutosha, asome tena. Ukirudi, nenda kwa fundi wako akupe gharama ya kazi hiyo kwa maandishi. Gharama hiyo ndiyo ipunguzwe kwenye bei, na isizidi hapo.

Mwangalie pia anapofungua boneti. Fundi mzoefu huanza na boliti zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Rangi ikiwa imechubuka kwenye kona za boliti, ina maana ziliwahi kufunguliwa, na atasema gari limegongwa. Ikiwa ni kweli, mwambie mapema na umwonyeshe picha za ukarabati. Usipake rangi mpya ili uuze: rangi mbichi kwenye paneli moja humtia mnunuzi shaka kuliko mkwaruzo. Kuosha injini nako ni vivyo hivyo, atadhani unaficha mvujo wa oili. Wapelekee gari likiwa safi ndani na nje, injini uiache kama ilivyo.

Kitu kimoja kinachofaa kutengenezwa kabla ni kelele za chini. Magari ya huku kwetu, hasa yanayopita barabara za murram za Kakamega na Bungoma, hugonga kwenye matuta. Mara nyingi ni stabilaiza linki na bushi, yaani viungo na mipira ya chini ya gari, vipuri vya bei nafuu. Ila gari likigonga mara mbili tu wakati wa majaribio, mnunuzi ataitaja safu nzima ya chini, na hapo anakata makumi ya maelfu.

Kabla hujampa mtu funguo za majaribio, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita, namba ya betri, tairi ya akiba, na tarakimu nne za mwisho za DOT, namba inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini, kwenye kila tairi. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Betri na tairi hubadilishwa gari likiachwa "kwa ukaguzi" mchana kutwa. Katalisti nayo huibwa, na utaijua kwa ekzosi kuunguruma ghafla. Kaa na gari lako, na kwenye majaribio uwe ndani.

Sasa lililo kubwa. Mkishindwa kuelewana bei, utasikia: "Basi liache hapa tukuuzie." Ofa ya kununua imegeuka kuwa kuuza kwa niaba, na hapo ndipo wengi huumia. Gari linauzwa, pesa zinazungushwa kununulia gari lingine, na wewe unaambiwa mteja bado analipa kidogo kidogo. Ukikubali mpango huo, mkataba uwe na bei ya chini utakayopokea, kilomita za siku ya kuliacha, muda usiozidi siku 30, marufuku ya kuliendesha ila kwa majaribio, na sharti kwamba mnunuzi atume pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako, kamisheni uilipe wewe baadaye. Yadi ikikataa sharti hilo la mwisho, chukua gari lako uondoke.

Wakitaka ubadilishe gari lako na lao uongeze pesa, dai bei mbili tofauti kwenye karatasi: wanayokulipa, na wanayouzia lao kwa mtu aliyekuja na pesa taslimu. Bila hivyo watakupandishia la kwako 80,000 na la kwao 150,000, nawe utoke umefurahi.

Kuhusu malipo, kutaneni benki asubuhi, siku ya kazi. M-Pesa inabeba hadi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hiyo anayesema atakutumia milioni nzima kwa simu jioni anakudanganya. PesaLink, ya kutuma pesa kutoka benki moja hadi nyingine, inafika 999,999; zaidi ya hapo tumieni RTGS, uhamisho wa benki wa pesa nyingi. Usitegemee ujumbe wa simu wala karatasi ya benki aliyokuja nayo mkononi, angalia salio lako mwenyewe. Hundi, hata ya benki, subiri ikubaliwe kwanza.

Hamisho la umiliki huanzishwa na wewe muuzaji, kwenye akaunti yako ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, naye mnunuzi hulikubali kwenye yake. Nenosiri na msimbo unaotumwa kwa simu usimpe mtu, hata yule kijana mwungwana wa ofisini anayesema atakusaidia. Yadi nyingi zitaomba gari libaki kwa jina lako mpaka wapate mteja, ili waepuke kulipia hamisho mara mbili. Kataa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye mpya kusajiliwa. Gari likigonga mtu Ahero mwezi ujao, barua ya wakili itakuja kwako. Mkataba wa mauzo uandikwe tarehe na saa ya kukabidhiana, namba ya chesisi na ya injini, kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) za pande zote, na mashahidi wawili.

Kama gari lina mkopo na jina la benki liko kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, anza na benki. Hamisho halitapita kabla benki haijajiondoa.

Huna nia ya kuuza? Waandikie wafute namba yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kupinga matangazo ya aina hiyo, na wakiendelea unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Ukishauza, futa simu yako kwenye redio ya gari, toa kadi ya kamera ya dashibodi, sitisha bima siku hiyohiyo na uulize kama kuna salio la kurudishiwa. Baada ya wiki mbili ingia tena eCitizen uone kama lile gari limeondoka kwenye orodha yako. Likiwa bado lipo, mpigie mnunuzi siku hiyo, ukiwa na nakala ya mkataba mkononi.