Swali la lugha: mwanga huzalishwa, kisha hutoka

Msomaji anayetafsiri makala kuhusu muundo wa taa za LED aliandika hivi: "Tabaka la katikati hutoa mwanga mwingi, lakini chipu hutoa mwanga kidogo." Mhariri wake akaikataa sentensi, akisema inajipinga. Msomaji anauliza nani yuko sahihi, na kama "filamu nyembamba" inafaa kwa "thin film" ya Kiingereza.

Sentensi haijipingi. Kifizikia ni kweli tupu. Ila kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi mbili. Kutoa ni kufanya kitu kitoke, na katika kifaa hiki kuwapo kwa mwanga ni jambo moja, kutoka kwake ni jambo jingine kabisa. Elektroni zikikutana na matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, ndani ya tabaka la katikati, mwanga huzaliwa. Hapo tumia kuzalisha. Lakini mwanga huo umo ndani ya nitridi ya galiamu, maada iliyounda chipu, ambayo hupinda mwanga kwa nguvu kuliko kioo cha kawaida. Ukiugonga uso bapa kwa mshazari unaozidi takriban digrii 25 kutoka wima, huakisiwa wote kurudi ndani. Kinachoponyoka kupitia uso mmoja kuingia hewani ni kama asilimia 4 tu. Basi andika: "Tabaka la katikati huzalisha mwanga mwingi, lakini unaotoka kwenye chipu ni kidogo." Mhariri atanyamaza.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya makala unayotafsiri, kwa hiyo usiilegeze kokote. Wabunifu wa kifaa cha aina hii hawahangaikii tu kuzalisha. Wanahangaikia kutoa, kwa maana yake ya asili. Nitridi huoteshwa juu ya bamba la yakuti samawi, hutiwa kioo cha fedha cha kuakisi mwanga upande wa juu, kisha hugandishwa kwenye kishikizo kipya. Leza hupigwa kupitia yakuti. Nitridi iliyo pale inapoungana na yakuti huvunjika kuwa galiamu na gesi ya naitrojeni, na bamba hubanduka. Wewe umeandika "bamba huondolewa". Si kosa, lakini kubandua ndicho kitenzi chenyewe: hubanduliwa kilichokuwa kimeshikamana. Vilevile "uso hukwaruzwa" kunampa msomaji picha ya msasa, ilhali mara nyingi uso ulioachwa wazi huliwa na kemikali hadi uote vijipiramidi, ili mwanga upate pembe za kupenyea. Sema "huliwa kwa kemikali" na mambo yaishe.

Kuhusu filamu, yaani ile nitridi nyembamba inayobaki bamba likibanduliwa: si kosa, ila wengi wakiliona neno hilo watafikiria sinema kabla ya kufika kwenye neno linalofuata. Mimi nachagua utando. Neno hilo tayari lina wembamba ndani yake, hivyo "utando mwembamba" uandike mara ya kwanza tu, kama istilahi, kisha "utando" peke yake. Angalia upatanisho: utando mwembamba, tando nyembamba. Usilichanganye na tabaka. Utando mmoja wa LED una matabaka kadhaa ndani yake. Na kipimo chake ni unene, hata kikiwa kidogo namna gani: "utando wenye unene wa mikromita 5", si "wenye wembamba wa mikromita 5".